Baridi ya Julai na hesabu ya jiko: Kwa nini moto wa maskini Isiolo ni ghali

MSIMU wa baridi unapobisha hodi nchini Kenya kati ya Juni na Agosti, macho ya wengi huelekezwa Limuru, Nyeri na Nyahururu, ambako ukungu hufunika mashamba hadi saa nne asubuhi. Ni nadra kumsikia mtu akiutaja mji wa Isiolo.

Sababu yaeleweka. Mji huo uko katika mwinuko wa takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, pale miteremko ya Mlima Kenya inapokoma na nyanda kame za kaskazini kuanza. Jua la adhuhuri huko halina mzaha, na mgeni anayeteremka kutoka Timau akiwa amejifunika koti zito hulivua kabla ya kufika stendi.

Hata hivyo, alfajiri ya Julai ni jambo jingine. Upepo huvuma usiku kucha, nazo nyumba za mabati zisizo na dari hupoteza joto lote la mchana mara jua linapotua. Kwa mtoto mchanga na ajuza anayelala katika chumba kimoja Bulla Pesa, hiyo ni baridi ya kutosha.

Katika nchi za Ulaya, kaya hulipia mitambo ya kupasha nyumba joto. Isiolo haina mitambo hiyo. Moto unaochemsha chai ndio huo huo unaotarajiwa kuwapa watu joto, na gharama ya baridi huonekana mahali pamoja tu: jikoni. Chai huteleshwa mara mbili zaidi, maji ya kuoga hulazimu kupashwa moto, na makaa yaliyokuwa yakitosha siku tatu huisha kwa mbili.

Ni katika hali hii ambapo ushauri hutolewa kila mwaka kuhusu namna ya kubana matumizi. Mama ahimizwa kutumia jiko bora, kufunika sufuria na kuloweka maharagwe. Ushauri huo ni wa kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba katika biashara ya moto, anayelipa ghali zaidi ni yule asiyekuwa na pesa za kununua kingi kwa mara moja.

MKEBE NA GUNIA

Makaa katika miji ya Kenya huuzwa kwa vipimo vitatu: gunia, debe na mkebe. Mwenye mshahara hununua gunia na kuliweka nyuma ya nyumba. Kibarua anayelipwa jioni hununua mkebe mmoja, apike usiku huo, kisha kesho arudi kununua mwingine.

Mchuuzi anayefungua gunia na kulipima kwa mikebe ana haki ya kupata faida, kwani hukaa kutwa juani na hubaki na vumbi ambalo hakuna anayelinunua. Faida hiyo, hata hivyo, hutoka kwa mnunuzi wa mkebe. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mnunuzi wa makaa, kibaba chenyewe ndicho kinachomfilisi.

Jambo hili si la Isiolo pekee. Nchini Uingereza, kaya zilizokuwa zikinunua umeme na gesi kwa mita za kulipia kabla, nyingi zikiwa za watu wa kipato cha chini, zilitozwa zaidi kuliko waliolipa kupitia benki. Tofauti hiyo iliondolewa Julai 2023, baada ya serikali kukiri kuwa haikuwa ya haki. Umaskini, kumbe, una ushuru wake hata pale kwenye theluji.

Ushuru huo waweza kupimwa. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina nishati ya takriban megajuli 46, na kilo moja ya makaa takriban megajuli 29. Lakini si nishati yote inayofika kwenye chakula. Jiko la gesi hufikisha karibu nusu ya joto lake kwenye sufuria. Jiko la kawaida la bati hufikisha kiasi cha sehemu mbili za kumi, yaani karibu moja ya tano, huku jiko lenye kauri ndani likikaribia asilimia 30.

Maana yake ni kwamba kilo moja ya gesi hufanya kazi ya takriban kilo nne za makaa yanayochomwa katika jiko la bati, au kilo mbili na nusu hivi katika jiko la kauri. Kwa kipimo hicho, mtungi mdogo wa kilo sita ni sawa na takriban kilo 24 za makaa katika jiko la bati.

Chukua mfano, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba makaa ya mkebe yanagharimu Sh60 kwa kilo, ya gunia Sh40, na gesi Sh230. Kaya inayonunua mkebe na kutumia jiko la bati italipa Sh240 kupata joto ambalo jirani mwenye gesi amelipia Sh230. Kaya ya tatu, yenye gunia na jiko la kauri, italipata joto lilo hilo kwa takriban Sh100.

Bei hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa na mwezi hadi mwezi, na kila msomaji anaweza kuweka zake katika hesabu hiyo. Lisilobadilika ni mpangilio. Kaya maskini zaidi kati ya hizo tatu hulipa zaidi ya maradufu ya kaya ya tatu, na huenda ikalipa hata kuliko ile ya gesi inayodhaniwa kuwa ya matajiri. Rahisi, walivyonena wahenga, inavunja upishi.

JIKO LILILOBADILI MAMBO

Kenya ina historia ya kujivunia katika suala hili. Baada ya bei ya mafuta kupanda duniani miaka ya 1970, na hasa baada ya kongamano la Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya lililofanyika Nairobi mwaka wa 1981, wahandisi na mafundi wa jua kali walibuni jiko la makaa lenye umbo la kiuno chembamba na kauri ya udongo ndani yake. Wazo la kauri lilitokana na majiko ya Thailand, lakini umbo na ufundi vilikuwa vya hapa nyumbani.

Jiko hilo hupunguza matumizi ya makaa kwa kati ya robo na nusu, kulingana na ubora wa kauri na uangalifu wa mpishi. Lilienea nchini na kuvuka mipaka hadi mataifa mengine ya Afrika. Halikuhitaji kiwanda kikubwa wala ruzuku ya kudumu, bali fundi wa bati, mfinyanzi na soko.

Lakini hata jiko hilo lina kizingiti. Bei yake huzidi ya jiko la bati tupu, na kauri inayopasuka isipobadilishwa hulirudisha jiko pale pale lilipoanzia. Kaya yenye Sh200 mkononi jioni haiwezi kuzitumia zote kununua akiba ya mwezi ujao wakati watoto hawajala leo.

Gesi nayo ina kizingiti kirefu zaidi. Mnunuzi wa mara ya kwanza hulipia mtungi, kichomeo na gesi yenyewe kwa pamoja. Baadaye, mtungi unapoisha, hulazimika kuwa na pesa za kuujaza wote kwa siku moja. Ndiyo maana katika nyumba nyingi mtungi hukaa kwenye kona ukiwa mtupu, huku jiko la makaa likiendelea kuwaka mlangoni.

Umeme umefika mjini Isiolo, na sufuria za umeme za presha hutumia nguvu kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Hapa pia kuna mtego. Tangu Aprili 2023, bei nafuu zaidi ya umeme wa nyumbani imetengewa wanaotumia wastani usiozidi yuniti 30 kwa mwezi. Kaya inayoanza kupika kwa umeme hupita kiwango hicho upesi, ikajikuta katika bei ya juu.

KINACHOWEZEKANA LEO

Pamoja na vizingiti hivyo, yapo mambo yasiyohitaji mtaji. Maharagwe na mahindi ya githeri yakilowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi. Sufuria yenye kifuniko huchemka mapema kuliko iliyo wazi. Chakula kikishachemka hakiivi haraka zaidi kwa kuongezewa moto, bali maji ndiyo hukauka.

Makaa yaliyobaki baada ya kupika yasiachwe yawe majivu. Yakifunikwa katika chombo cha bati kisichopitisha hewa huzimika yenyewe, na hutumika kuwashia moto wa kesho. Kuni nazo zikaushwe kabla ya kuchomwa, kwa sababu ukuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kuyakausha maji yaliyomo ndani yake, kisha huwaachia wapishi moshi.

Kikapu kilichojazwa matambara au nyasi kavu ni njia nyingine. Sufuria iliyochemka kwa muda ikitiwa humo na kufunikwa vizuri, chakula huendelea kuiva bila moto. Kwa familia inayopika githeri mara tatu kwa wiki, huo ni uokoaji unaoonekana.

Liko pia onyo ambalo halipaswi kupuuzwa. Kila msimu wa baridi, watu hufa nchini baada ya kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa yasipopata hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo humlaza mtu usingizi asiamke. Blanketi la ziada, ambalo hununuliwa mara moja, ni salama kuliko jiko la usiku mmoja. Kuziba nyufa za upepo ukutani hufaa vilevile, mradi tundu la juu libaki wazi na pasiwe na jiko ndani.

Moshi nao huua polepole. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 kote ulimwenguni mwaka wa 2020, vikiwemo vya watoto wengi wa chini ya miaka mitano. Gharama ya dawa za kifua na ya siku za kazi zinazopotea haiandikwi katika hesabu ya jiko, ingawa hutoka katika mfuko ule ule.

SERA ZA KIGEUGEU

Ikiwa kaya zinahimizwa kupanga matumizi yake, serikali nayo ingetarajiwa kupanga yake. Rekodi ya miaka ya karibuni haionyeshi hivyo.

Mwaka wa 2016, serikali iliondoa ushuru wa thamani ya ziada (VAT) kwa gesi ya kupikia, na watu wengi wakaanza kuitumia. Julai 2021 ushuru huo ulirudishwa kwa asilimia 16, wakati bei ya kimataifa ilikuwa ikipanda. Julai 2022 ukapunguzwa hadi asilimia 8. Julai 2023 ukaondolewa tena.

Katika kipindi cha miaka saba, mlo wa jioni ulibadilishiwa ushuru mara nne. Familia iliyojinyima kununua mtungi mwaka wa 2020 ilijikuta mwaka wa 2022 haiwezi kuujaza. Baadhi ya familia za aina hiyo zilirejea kwa makaa, na mtu aliyewahi kuungua mara moja huwa mwepesi wa kuogopa.

Mafuta taa yalipitia njia kali zaidi. Septemba 2018, yaliwekewa ada ya Sh18 kwa kila lita ili kuwazuia wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Wachanganyaji walibanwa, lakini adhabu hiyo iliwashukia pia wapishi wa stovu wasiojua lolote kuhusu dizeli. Kulingana na sensa ya 2019, asilimia 7.8 ya kaya za Kenya zilikuwa zikipika kwa mafuta taa, asilimia 11.6 kwa makaa na asilimia 23.9 kwa gesi. Kuni ziliongoza kwa asilimia 55.1.

Upande wa makaa, Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90, marufuku iliyorefushwa mara kwa mara hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Mwaka huo wa 2018, Kaunti ya Kitui nayo ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa kutoka eneo lake, hatua iliyozua uhasama baada ya lori kuteketezwa.

Funzo ni moja. Marufuku isiyompa mpishi moto mbadala haizimi jiko lake, bali huhamisha shoka hadi kaunti isiyolindwa, na huongeza bei ya mkebe.

MTI NI MALISHO

Kwa Isiolo, suala hilo lina uzito ambao mkazi wa Nairobi huenda asiuone. Kaunti hiyo yenye zaidi ya kilomita mraba 25,000 na wakazi 268,002 kwa hesabu ya 2019 hutegemea mifugo. Mgunga unaokatwa kwa ajili ya makaa ndio unaoangusha maganda ambayo mbuzi huyala nyasi zinapokwisha. Gunia la makaa, basi, ni malisho ya kiangazi yaliyouzwa mapema.

Isitoshe, tanuri la udongo la kienyeji hutumia kati ya kilo sita na kumi za mti kupata kilo moja ya makaa. Sehemu kubwa ya mti hupotea kwa moshi kabla mpishi hajawasha kiberiti.

Wafugaji wa Kiborana walilijua hilo zamani. Chini ya utaratibu wa dedha, wazee wa kila eneo la malisho hupanga wapi mifugo ichungwe wakati wa mvua, wapi wakati wa kiangazi, na wapi pahifadhiwe hadi ukame. Miti ni sehemu ya akiba hiyo. Utaratibu huo umedhoofishwa na mipaka ya utawala, mizozo na wimbi la watu wapya, lakini haujafa.

Ukame wa kati ya mwisho wa 2020 na 2022, ambapo misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa mfululizo, uliujaribu vikali. Mfugaji aliyepoteza mifugo hakuwa na kingine cha kuuza ila mti. Ni vigumu kumlaumu. Ni vigumu vilevile kukana kwamba kila mti aliouza ulipunguza nafasi ya mifugo wengine kuuvuka ukame ufuatao.

Hivyo basi, jiko la kauri katika mtaa wa Wabera au Bulla Pesa lina manufaa yanayofika mbali na mlango wa mwenyewe. Kila kilo ya makaa isiyochomwa mjini ni kilo kadhaa za mti zilizobaki zimesimama Garba Tulla, Kinna au Oldonyiro.

Upo pia mti ambao wengi wangefurahi ukipungua. Mathenge, ulioletwa nchini miongo kadhaa iliyopita ili kuzuia jangwa, umevamia malisho na kingo za mito katika kaunti nyingi kame, Isiolo ikiwemo. Mti huo hutoa makaa mazuri na huchipuka tena ukikatwa. Kuruhusu makaa ya mathenge chini ya usimamizi wa vyama vya wachomaji, huku mgunga ukilindwa, kungewapa maskini wa malisho kipato na maskini wa mjini moto. Ugumu uko katika ukaguzi, kwani makaa yakishatiwa guniani, kutambua mti yaliyotoka si kazi nyepesi.

MTAJI WA KWANZA

Mkakati wa kitaifa wa 2024 hadi 2028 unalenga kila kaya iwe inapika kwa nishati safi kufikia 2028. Lengo ni zuri. Lakini katika kaunti kama Isiolo halitafikiwa kwa matangazo ya redio, maana mama anayenunua mkebe hakosi maarifa. Anachokosa ni pesa za siku ya kwanza.

Kwa mintarafu hiyo, hatua tatu zinaonekana kuwa na uzito. Ya kwanza ni kukopesha jiko badala ya kuligawa bure. Jiko la kauri likilipiwa kidogo kidogo kwa wiki chache, malipo hayo yaweza kutoka katika makaa yaliyookolewa. Vyama vya akina mama vya kuchangiana tayari hufanya hivyo kwa vyombo na mabati, na fedha za kaunti zingeweza kudhamini mikopo hiyo.

Ya pili ni kuuza gesi kwa kiasi ambacho mnunuzi wa mkebe anaweza kukimudu. Jijini Nairobi, kampuni zimewahi kufunga mita kwenye mitungi ili mteja alipie kwa simu kadiri anavyopika. Katika mji mdogo wenye umbali mrefu hadi ghala, biashara hiyo haina faida ya haraka, na ni hapo ambapo mkono wa serikali ungefaa.

Ya tatu haihitaji hata senti. Ushuru wa gesi uamuliwe kwa kipindi cha miaka, wala usiwe wa kubahatishwa kila mswada wa fedha unapofika bungeni. Familia haiwezi kuwekeza katika mtungi ambao serikali huenda ikaupandishia bei mwaka ujao.

Hadi hayo yatakapotimia, njia iliyo wazi ni ya ujirani. Nyumba tano zikichanga na kununua gunia moja, kisha zikaligawana, faida ya mkebe hubaki mifukoni mwao, na kwa wiki chache huenda ikatosha kununua jiko la kauri la nyumba ya kwanza. Zamu ya pili huwa ya nyumba inayofuata. Kinga na kinga, Waswahili walisema, ndipo moto uwakapo.

Baridi ya Julai itakwisha, kama inavyokwisha kila mwaka, na jua la Isiolo litarudi kuchoma mabati. Mkebe, hata hivyo, utanunuliwa Septemba na utanunuliwa Januari, kwa bei ile ile ya asiye na gunia.